Deheni, Bati na Oili Chafu: Dawa za Kutu na Bungua Zinavyofanya Kazi

Ukishuka ufukweni Bagamoyo siku chombo kimepandishwa mchangani kutengenezwa, pua itakuambia kabla ya macho. Ile harufu kali ni sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo watu wa mwambao wamezipaka mbao za vyombo vyao tangu kabla ya kuwako duka la vifaa vya ujenzi. Pembeni fundi anakalafati: anasukumia pamba iliyoloweshwa mafuta kwenye nyufa za mbao, pigo kwa pigo. Na tumboni mwa chombo, sehemu itakayozama, kwa desturi hupakwa deheni, yaani shahamu iliyopondwa pamoja na chokaa mpaka ikashikamana kama ugali mlaini.

"Shikamoo, mzee. Hii deheni inafanya nini hasa?"

"Marahaba. Inaziba, mwanangu. Tena inaudhi."

Hilo la kuudhi sikulielewa siku ile. Nimelielewa miaka mingi baadaye, baada ya kumaliza fedha kwenye makopo kwa ajili ya dirisha moja la chuma na kabati moja la mama, na vyote viwili vikaendelea kuliwa mbele ya macho yangu.

Tuanze na kuziba. Chokaa ikikutana na mafuta haikai humo kama mchanga ndani ya samli. Vinaungana vikawa aina ya sabuni, ila sabuni isiyoyeyuka majini. Aliyewahi kufua kwa maji ya kisima chenye chumvichumvi anaijua: ni ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni huku povu likigoma kutoka. Kinachomkera mfuaji ndicho kinacholinda jahazi. Hadi leo zipo grisi zinazotengenezwa kwa msingi huohuo, kalsiamu na mafuta, na sifa yake kubwa ni kwamba maji hayaziondoi kirahisi.

Sasa kuudhi. Ubao ukizama baharini bila kinga hutobolewa na kiumbe mrefu kama mnyoo, ingawa kwa nasaba ni ndugu wa kombe na chaza. Huingia akiwa mdogo kiasi kwamba tundu lake halionekani, akakulia ndani, akachimba mapango, na kwa nje ubao bado unang'aa. Deheni humpa uso asioupenda. Kuna na jambo la tatu ambalo mzee hakulitaja, pengine kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno: deheni hubanduka. Chombo kikipandishwa tena, hukwanguliwa pamoja na magamba na mwani ulioing'ang'ania, kikapakwa upya. Kilichoharibika ni deheni, ubao umesalimika.

Kuziba, kuudhi, kufa badala ya mwingine. Nikisimama leo mbele ya rafu ya duka la vifaa, penye redoksaidi, vanishi, dawa ya mchwa, epoksi, supaglu na makopo ya kupuliza, sioni kazi nyingine zaidi ya hizo tatu, na moja ya nne nitakayoifikia. Mtu hupoteza fedha anaponunua kopo la kazi moja kwa maradhi ya kazi nyingine.

Hiyo ya kufa badala ya mwingine ndiyo inayowatatiza wengi, nasi tuna neno lake tayari: kafara. Kisa chake kizuri kuliko vyote ni cha mwaka 1824. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limevisha matumbo ya meli zake mabamba ya shaba, na maji ya chumvi yakawa yanaila shaba. Likamwendea mkemia Humphry Davy. Davy aliwaza hivi: metali hazina wepesi sawa wa kuliwa, ukizigusanisha mbili ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo nyepesi kuliwa hujitoa kwanza na kumwacha mwenzake mzima. Akafunga vipande vya zinki na vya chuma juu ya shaba, na meli ya Samarang ikawa mojawapo ya zilizojaribiwa. Shaba ikaacha kuliwa kabisa.

Kisha meli zikaanza kwenda kwa kujikokota. Matumbo yalikuwa yamejaa magamba na mwani. Kumbe ile shaba, kwa kuyeyuka kidogo kidogo, ndiyo iliyokuwa ikiwaudhi viumbe wa baharini. Kafara ilipoiokoa shaba, sumu nayo ikakatika. Nakipenda kisa hiki kuliko vya ushindi mtupu, kwa sababu kinaonyesha kuwa kinga mbili zilizo njema kila moja peke yake zaweza kuuana zikiwekwa pamoja.

Wavuvi wenye mashine za kufunga nyuma ya boti wanaijua kafara hiyo kwa mikono yao. Mashine huja na kipande cha zinki kimefungwa sehemu inayozama, kazi yake ni kuliwa. Kikibaki nusu hubadilishwa. Nimewahi kuona boti iliyopakwa rangi mpya ya buluu kila mahali, hata juu ya zinki. Ilipendeza kweli. Lakini zinki isiyogusa maji haiwezi kujitoa, na bahari haikukawia kuigeukia mashine yenyewe.

Bati la paa ni kafara hiyohiyo iliyotandazwa. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kulikunja bamba la chuma liwe na migongo. Faida yake unaiona kwa karatasi: ikiwa bapa hujikunja kwa uzito wake, ikitiwa mikunjo husimama. Lakini chuma kitupu kilikuwa na kutu tu mbele yake. Miaka minane baadaye, 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420 za sentigredi, na beseni za kuchovyea huwekwa kwenye nyuzi 450 hivi. Migongo ya Palmer na zinki ya Sorel vilipokutana, makuti yakapata mshindani dunia nzima.

Tofauti ya zinki na rangi ya kawaida iko kwenye mkwaruzo. Rangi ikikwaruzwa, kutu huingia pale na kutambaa chini yake, ikiiinua kama ngozi iliyoungua. Zinki ikikwaruzwa, ile iliyobaki pembeni huendelea kujitoa kwa ajili ya chuma kilicho wazi, milimita chache kila upande. Ndiyo maana ukingo wa bati uliokatwa kwa mkasi hauozi mwaka uleule.

Lakini kafara ina kiasi. Mnunuzi wa Bagamoyo huuliza geji: ishirini na nane, thelathini, na wengi wanajua kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji hiyo inakuambia unene wa bati. Zinki iliyomo haikuambii. Zinki hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Alama Z275 maana yake gramu 275, ambazo ni kama mikroni 20 kila upande, wembamba usioshikika kwa vidole. Alama ikiwa ndogo, kafara ni haba hata kama bati ni nene. Karibu na bahari, ambako upepo hubeba chumvi usiku na mchana, nadhani swali la gramu lina haki ya kuulizwa kabla ya swali la rangi. Ukiliuliza dukani utatazamwa kidogo. Uliza tu.

Yako pia mabati yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, yaliyoingia sokoni Marekani mwaka 1972 na hapa kwetu yanajulikana kama alizinki. Alumini ni asilimia 55 kwa uzito, inaziba; zinki inabaki na kazi yake ya kafara. Hudumu kuliko zinki peke yake mahali pengi. Yana adui wawili wa nyumbani. Wa kwanza ni saruji mbichi: udongo wa saruji ukidondokea bati na kulala hapo, magadi yake hula alumini na zinki vilevile. Wa pili ni shaba. Maji yanayotiririka juu ya bomba la shaba la kiyoyozi kisha yakadondokea bati hubeba chembe za shaba, na pale yanapoangukia patatoboka mapema. Ni Davy yuleyule, kisa kimegeuzwa.

Sasa ile kazi ya nne. Chuma kikiwekwa mahali panapokifaa hujivika chenyewe ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ikawa ngao. Zege ndiyo mahali hapo. Saruji ina magadi makali, kipimo chake cha pH hupita 12, na nondo ikiwa ndani yake hutulia kwa miaka mingi bila kutu ingawa maji yamo. Kinachoivunja amani hiyo ni mambo mawili: hewa ya ukaa, ambayo hupenya polepole ikipunguza ukali wa magadi, na chumvi, ambayo hutoboa ngozi ya nondo hata magadi yakiwa bado makali. Kutu ikianza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi sita. Nondo inavimba, zege inapasuka kwa mstari ulionyooka unaofuata nondo, kipande kinaanguka, watu wanasema "saruji ilikuwa mbaya".

Mara nyingi saruji haina kosa. Mchanga ulichotwa ufukweni, chumvi ikaingia kwenye zege tangu siku ya kwanza. Au nondo ililala chini kabisa kwa sababu hakuna aliyeweka biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, kwa hiyo koti la zege juu yake likawa sentimita moja badala ya tano zinazotakiwa karibu na bahari. Kupiga plasta juu ya ufa wa namna hiyo ni kumfunika mgonjwa shuka. Zege iliyolegea ikatwe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe hadi chuma king'ae, ndipo ijazwe upya.

Nyumba za mawe za mji mkongwe hazina nondo, na hapo kanuni inapinduka. Mtu aliyejifunza kuziba zege akienda na ujuzi uleule kwenye ukuta wa matumbawe ataubomoa kwa nia njema. Matumbawe yana vitundu vingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, na hutoka kupitia plasta ya chokaa, ambayo nayo inapumua. Maji yanapokauka, chumvi huganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua husukuma. Plasta ya chokaa hulegea, ikamomonyoka, ikaanguka. Ndiyo kazi yake hiyo! Ni deheni ya ukuta: imekufa yenyewe, jiwe limebaki. Ukipiga saruji juu, unyevu unakosa njia, chumvi inagandia nyuma yake ndani ya jiwe, na siku saruji itakapobanduka itabanduka na uso wa ukuta. Huko Kaole, jirani na Bagamoyo, kuna msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, ambao kuta zake zilizobaki ni matumbawe na chokaa. Saruji ya Portland Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824, mwaka uleule wa meli za Davy. Siitukani saruji. Nasema tu haikuumbwa kwa ukuta ule.

Nirudi kwenye dirisha langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwa ubishi. Lilikuwa la nondo za mraba, linatazama baharini. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya dakika kumi, nikapaka redoksaidi, nikapaka rangi ya mafuta. Miezi kadhaa, mapele. Nikarudia. Mapele.

Ile rangi nyekundu ya redoksaidi ya kawaida, kwa taarifa yako, ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu yenyewe iliyosagwa laini. Haina kafara wala sumu. Inaziba na kuipa rangi ya juu mahali pa kushika, basi. Ili izibe lazima iguse chuma, na chini ya brashi yangu ya dakika kumi kulikuwa na kutu iliyonyonya chumvi. Chumvi haiondoki kwa brashi. Inaondoka kwa maji matamu: kuosha, kusugua, kuosha tena, kukausha, kisha kupaka siku ileile kabla upepo wa jioni haujaleta nyingine. Hatua hiyo ya maji haigharimu kitu na karibu kila mtu huiruka, kwa sababu akili inakataa kwamba chuma kinachooza kwa maji kioshwe kwa maji.

Kwa kutu isiyofikika, kwenye pembe na viungo, zipo dawa za kuigeuza. Ndani yake huwa na asidi ya fosfori, au tanini, au zote mbili. Tanini hushikana na kutu ikaifanya kitu cheusi kigumu kisichoendelea kula. Ni weusi uleule unaouona msumari ukilowana ndani ya ubao, au kisu cha chuma kikikatia ndizi mbichi. Tanini imejaa kwenye magome ya mikoko. Mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, uliwahi kusafirishwa kutoka pwani hii kwenda kudabagha ngozi ng'ambo, na watafiti wa Malaysia wameichunguza tanini ya mikoko kwa kazi hii hasa ya kugeuza kutu. Kabla hujachukua panga, kumbuka kwamba mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu na haikatwi bila kibali. Na dawa ya kugeuza haigeuzi magamba manene; yale yanang'olewa kwanza.

WD-40 niliipulizia pia dirisha lile, nikiwa nimekata tamaa. Iliundwa San Diego mwaka 1953 na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical Company, ikatumika kulinda ngozi ya makombora ya Atlas, na jina lake linatokana na kufukuza maji, jaribio la arobaini. Yasome hayo polepole: kufukuza maji. Inafungua bolti iliyoshikana, inatoa unyevu kwenye kufuli. Sehemu kubwa yake ni kimiminika kinachopaa, kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta. Bawaba ya lango ikishalegea, ipe grisi. Ukutani kwa upepo wa bahari utando huo hauna maisha.

"Si ungeweka stenlesi?" aliniuliza jirani. Chuma hicho, alichokitangaza Harry Brearley wa Sheffield mwaka 1913 akitafuta metali ya mitutu ya bunduki, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu ndiyo inayokivika ngozi ya kazi ya nne, inayojifunga yenyewe ikikwaruzwa ilimradi hewa ipo. Lakini stenlesi ni ukoo, si mtu mmoja. Aina ya 304 inapendeza jikoni na hutoka madoa ya rangi ya chai ikikaa ufukweni. Ya 316 imeongezwa molibdenamu asilimia mbili hadi tatu ili istahimili chumvi, na bei yake inajua hivyo. Vyuma vingi vya ngazi unavyoviona na madoa havikuibiwa ubora kiwandani. Vilinunuliwa kwa jina la ukoo.

Upande wa mbao, kazi ya kuziba na kazi ya kuudhi ndizo zinazochanganywa, na hapo ndipo kabati la mama lilipoingia.

Liliachia unga. Unga laini kama wa muhogo, kila asubuhi, chini ya mguu wa nyuma. Nikanunua vanishi nzuri, nikasugua kwa msasa, nikaziba vitundu kwa unga wa mbao na gundi, nikapaka mikono mitatu. Mwezi uliofuata vitundu vipya vilikuwa vimetoboa vanishi yangu kwa ustadi mkubwa.

Kitundu cha bungua, mdudu anayekula mbao kavu, ni mlango wa kutokea. Yai liliwekwa zamani, funza amekula ndani kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka, na unapomwona ameshakuwa mdudu mkavu mwenye mbawa anayeaga. Kuziba tundu ni kufunga mlango nyuma ya aliyeondoka na kuwafungia chakula waliobaki. Vanishi inafaa kwa jambo jingine: majike wengi hutafuta mbao tupu zenye vinyweleo wazi pa kutagia, kwa hiyo fanicha mpya iliyopakwa pande zote, pamoja na mgongo na chini ya miguu ambako mafundi hawapaki, hujikinga. Lakini hiyo ni kabla. Tena wengi wao hula ile sehemu nyeupe ya mti iliyo chini ya gome, yenye wanga, wakauacha moyo wa mti. Ndiyo sababu mguu mmoja wa kabati unakuwa unga na mlango wake wa mninga hauguswi: seremala alibana matumizi pale asipotazama mtu.

Aliyeshaingia anaondolewa kwa joto au kwa sumu inayopenya. Joto lina kipimo kinachotumika dunia nzima kwa mbao za vifungashio: nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30. Ukinunua mbao za paleti kutoka bandarini kutengenezea makochi, kama wafanyavyo vijana wengi siku hizi, tafuta muhuri wa HT, maana yake zilipitishwa kwenye joto. Muhuri wa MB unamaanisha zilifukizwa gesi ya sumu ya bromidi ya methili. Hizo waachie wengine, au bora zaidi zisiingie ndani kwa mtu yeyote.

Sumu inayopenya, kwa fanicha za ndani, ninayoiamini ni boraksi au asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye maji moto. Boroni husafiri ndani ya ubao pamoja na maji, funza akila anadhoofika na kufa, na kwa binadamu hatari yake ni ndogo ikilinganishwa na dawa nyingi za mashambani ambazo watu huzipulizia vitandani mwao bila kufikiri. Masharti yake mawili ndiyo yanayosahauliwa. Haipenyi vanishi, kwa hiyo vanishi iondolewe kwanza. Na kwa kuwa iliingia na maji, itatoka na maji: mlango wa nje unaopigwa na mvua utaioshea kibarazani. Iweke nje ya mikono ya watoto, vaa glavu.

Oili chafu, dawa ya kila fundi wa paa? Inaudhi kidogo na inaziba kidogo. Haiingii zaidi ya juu juu, kwa hiyo ubao ukipasuka mchwa anapata njia, rangi haishiki tena juu yake milele, na ile nyeusi yake imebeba metali za injini, zinazoshuka na mvua kuelekea kisimani. Nimeitumia. Sitaitumia tena.

Kinachopenya kweli ni shinikizo. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kufungia mbao ndani ya tangi, kunyonya hewa yake, kisha kuzisukumia dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Mataruma ya reli yakapata uhai. Mwaka 1933 mwanasayansi wa Kihindi, Sonti Kamesan, akaunda dawa ya maji yenye shaba, kromiamu na aseniki: shaba kwa ukungu, aseniki kwa wadudu, kromiamu kuvigandisha humo visioshwe. Ndiyo inayoipa nguzo ya umeme ule ukijanikijani. Ubao wa namna hiyo usichanwe kuwa meza ya kulia, na kipande chake kisichomwe kamwe, hata kwa chai ya kibarua, kwa sababu aseniki hubaki kwenye majivu na moshi. Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003.

Gundi nitaipitia haraka. Supaglu ilizuka 1942 katika maabara ya Kodak, Harry Coover akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Inaganda kwa unyevu, ndiyo maana Bagamoyo inakukamata vidole upesi kuliko Dodoma, na ni ngumu lakini haipendi kutikiswa, kwa hiyo si ya miguu ya viti. Epoksi, iliyotokana na kazi ya Mswisi Pierre Castan katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha meno ya bandia, inajaza pengo na haijali maji. Gundi nyeupe ya seremala inashika mbao kuliko mbao zinavyojishika zenyewe, kwa masharti: ulimi na tundu vigusane sawasawa, gundi ya zamani ikwanguliwe yote maana mpya haishiki juu ya ile kuukuu, na kiungo kibanwe mpaka kikauke. Wengi huimimina juu ya uchafu wa miaka kumi, kisha kikicheza wanapigilia msumari. Msumari unapasua ulimi, unashika kutu, unavimba, na kiti kilichohitaji gundi ya jioni moja sasa kinahitaji mguu mpya.

Dirisha nililiosha kwa maji ya mvua siku mbili mfululizo, nikapaka rangi yenye vumbi jingi la zinki moja kwa moja juu ya chuma kilichong'aa, redoksaidi nikaiacha dukani. Lina mwaka wa tatu. Pembe ya chini kulia imeanza kutoa unga mweupe, ambao ni zinki ikiliwa, na huo siusikitikii.

Kabati liliondolewa vanishi yote uani, likanyweshwa boraksi mara tatu kwa brashi na, kwenye vitundu, kwa bomba la sindano. Mama alisimama akiangalia, akauliza kama na paka nitampiga chanjo. Mguu wa nyuma nilizungushia kila kitundu kwa penseli, nikahesabu kumi na saba, nikatandika karatasi nyeusi chini yake. Jumamosi asubuhi karatasi ilikuwa na unga kidogo, wa kutosha kushikwa na ncha ya kidole. Nikahesabu tena. Kumi na saba.